Leso ya Kuzuia Jicho

Kilivuliwa mwambani hapa hapa Diani, kikapelekwa Mombasa kuuzwa, kisha Matano akakirudisha Ukunda kwenye gari lenye kiyoyozi. Ni kinyama cha baharini ambacho wataalamu hukiita anemoni: kimetanda chini kama zulia, na juu kimejaa vinyoya vinavyochezacheza majini. Bahari yenyewe, ambako hakilipiwi umeme, haiko mbali na nyumba yake. Lakini baharini nani angejua kwamba ni cha Matano?

Kiliwekwa sebuleni, ndani ya tangi la kioo lenye taa ya buluu, na viti vya wageni vikageuzwa vikielekee. Bintiye, Ummi, ndiye aliyekibadilishia maji na kukilisha. Moyo wake lakini ulikuwa kwingine. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Msambweni, na babake hakutaka kusikia. Msichana mzuri vile, akakodolewe macho na kila mtu? Thubutu!

Mambo yaliharibika siku jirani yao, Katana, alipokuja kuazima ngazi. Alisimama mbele ya tangi akatikisa kichwa. "Kizuri hiki, mzee! Kizuri mno!" Basi. Hakusema mashaallah, hakusema lolote la kukikinga na jicho la husuda. Akabeba ngazi akaenda zake. Matano alikosa raha mchana kutwa, na kesho yake akatwaa leso mpya ya kujitanda ya mkewe, Biasha, akalifunika tangi gubigubi.

Kinyama kikaanza kupauka. Kikanywea, kikawa cheupe kama tui. Matano akaongeza leso ya pili.

"Baba, hiki kinaishi kwa mwanga," Ummi alimwambia. "Nimesoma kwenye simu."

"Simu ndiyo iliyokufundisha mambo ya jicho?" Matano alicheka. Katana alikuwa mlangoni akirudisha ngazi, na mbele ya mtu Matano hupenda kuwa mkubwa. "Haya, muuguzi, kiuguze! Kikirudiwa na rangi kabla chuo hakijafunguliwa, utakwenda Msambweni. Jirani, wewe ni shahidi. Lakini leso haziondoki!"

Ummi alikasirika. Kisha akatulia, maana babake hushinda dukani. Kila Matano alipotoka asubuhi, leso ziliondoka, taa ikawashwa, dirisha likafunguliwa. Kabla ya magharibi zilikuwa zimerudi mahali pake, zimenyooshwa vizuri. Biasha aliyaona yote, na ghafla akapatwa na kikohozi kila aliposikia gari la mumewe.

Rangi ikarudi kidogo kidogo, vinyoya vikajaa. Jioni moja Matano alifunua, akapiga ukelele, akaita majirani. Alisimama kando ya tangi, leso mabegani kama bwana harusi.

"Mmeiona kazi ya leso? Jicho limekoma!"

"Basi ninakwenda, baba," Ummi alisema.

"Kimeponywa na leso, si na wewe. Cha thamani hufunikwa. Ndiyo maana na wewe hutoki."

Ummi aliitazama leso ile. Wiki zote zile, na sifa imekwenda kwa kitambaa!

"Leso gani, mzee?" Katana aliuliza kutoka nyuma ya watu. "Mimi kila adhuhuri nikipita hapo dirishani ninakikuta wazi, taa inawaka. Ninasimama ninakitazama mpaka nichoke. Kizuri ajabu!"

Watu wakamgeukia Matano.

"Kila adhuhuri?" Matano aliuliza, sauti imempungua.

"Kila adhuhuri."

"Na mashaallah... ulikuwa ukisema?"

"Mimi ninasali kanisani, mzee. Nilikuwa ninakitazama tu. Na ile ahadi ya Msambweni, shahidi si mimi?"

Biasha alikohoa, ingawa safari hii hakuna gari lililokuwa linakuja. Matano akatafuta kiti. Ummi alimvua leso mabegani taratibu, akaikunja, akaenda nayo chumbani. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuingia kwenye sanduku lake la safari ya Msambweni.