Darubini Fupi ya Bertin

“Na iyo ya murefu utaona mpaka meno ya nyani, Papa Bertin. Lakini mi nitakuwa wapi ndani yake?”

Godelieve alisema hivyo katikati ya uwanja wake pale Lubondja, mikono kiunoni, na sisi majirani tulioacha kazi zetu tukasogea tusikose neno. Mfanyabiashara wa Misisi alikuwa ametandika chini darubini mbili za bunduki: moja ndefu, ya kuvuta mbali sana; nyingine fupi, imechubuka. Bertin, mwindaji wetu, hakuachia ile ndefu. Bamama walinong’ona kwamba hata mke wake hajawahi kushikwa vile.

Ugomvi ulitoka kwenye muhogo. Tangu vita ifunge barabara ya Lulimba, shamba la Godelieve ng’ambo ya bonde ndilo lililolisha nyumba yake na wakimbizi waliojaa humo, na nyani walikuwa wakilimaliza. Nyani hawamwogopi mwanamke. Mwanamume akitokea tu, hata mbali, wanapotea. Basi mpango ulikuwa huu: Godelieve angelima kama kawaida, dume kubwa la nyani likae juu ya jiwe lililozoea kukalia pale shambani, Bertin apige kutoka mlima wa juu ya nyumba. Mara moja tu. Mlio wa pili ungeitwa mapigano, na wenye silaha wangepanda.

Godelieve hakungoja jibu. Alibeba jembe, akashuka, akapanda hadi shambani, akasimama. Bertin akaweka ile ndefu jichoni. Akaona jani moja la muhogo, pana kama mlango. Akamtafuta Godelieve mpaka jasho likamtoka. Akajaribu fupi: jiwe, muhogo, kitambaa chekundu cha Godelieve, vyote pamoja. Akamrudishia mtu wa Misisi ile ndefu, akabaki na fupi.

Jioni, akiwa kule mlimani, aliifunga ile fupi juu ya bunduki, akachomoa komeo la nyuma, akachungulia ndani ya mtutu mpaka jiwe lile likakaa katikati, akazungusha skurubu za darubini hadi msalaba wake wa kulengea ukaliangukia jiwe hilohilo, bila kupiga risasi ya kujaribu. Alituambia kwamba risasi ya kushuka mteremko hupita juu kidogo, kwa hiyo atalenga chini ya kifua.

Asubuhi Godelieve alilima bila kugeuka. Dume likapanda jiwe. Mlio ukawa mmoja. Dume likaanguka, kundi likaingia msituni. Godelieve akamaliza mustari wake, ndipo akainua kichwa.

Mchana Bertin alipita uwanjani haraka, bunduki ndani ya mkeka.

“Unapita tu, Papa Bertin?”

“Nilikuwa nakuona, mama. Saa yote nilikuwa nakuona.”

“Najua. Ingia basi. Bugali iko moto, na sombe ya majani ya muhogo wangu iko.”