Soseji za Harusi ya Nereida

Anselmo Bojórquez alikuwa mtu wa maendeleo. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe, maana hapakuwa na mtu mwingine mjini Hermosillo, kaskazini mwa Meksiko, aliyekuwa amelitambua hilo. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza dogo mbele ya lango la hospitali. Dogo ndilo jina la hotidogi kwao, ingawa ukishakabidhiwa moja, soseji imeviringishwa bekoni, imelazwa kwenye mkate mnene kama mto wa kulalia na kufunikwa maharage, nyanya, kitunguu, parachichi na mayonezi, utabaki unajiuliza hiyo kubwa ingekuwaje.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na toroli la pili, la dada yake, Librada. Wote wawili walifundishwa kazi na mama yao, kwenye toroli moja. Mama alipofariki waligawana urithi kwa amani, na kwa amani hiyohiyo hawakuwa wamesemezana tena isipokuwa kwa kupitia wateja.

"Mwambie yule bibi," Anselmo alikuwa akimtuma mfagiaji wa hospitali aliyekuwa anavuka na mkate wake mkononi, "sisi hapa tunauza chakula, hatuuzi samaki. Deli lake la barafu linavuja mpaka mtaro umeota majani."

Mfagiaji alivuka, akafikisha, akala, akarudi.

"Amesema kwake yanavuja maji ya barafu. Kwako inavuja akili."

"Amesema hivyo?"

"Amesema na mengine, ila mimi nina mke na watoto."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa barafu. Mama yao alikuwa na sheria moja tu: soseji ina makao mawili, barafuni au motoni, na ikikutwa barabarani katikati ya hayo makao, itupe. Librada aliifuata sheria hiyo kama mtawa. Alizika pakiti zake chini kabisa ya barafu, akatoa chache kwa kadiri ya watu waliosimama, akamwaga maji yaliyoyeyuka na kuongeza barafu nyingine, kutwa nzima. Mayonezi yake hayakuwahi kuliona jua. Parachichi alilipasua mteja akiwa amekwisha kutamka. Kwa macho ya Anselmo, huo wote ulikuwa ushamba.

Ndipo mwezi Juni, wakati lami ya Hermosillo inapong'ang'ania viatu na njiwa wanatembea kwa miguu wakifuata vivuli vya magari, Anselmo alipokutana sokoni na kijana aliyefunga tai. Mtu anayefunga tai kwenye joto lile ama ni mwongo ama ni mgonjwa, lakini Anselmo aliona ni msomi. Kijana alikuwa anauza sanduku la kupozea, linatumia betri ya gari, limepakwa rangi ya fedha, na kwenye mlango lina taa ya buluu yenye tarakimu.

"Mzee, barafu ni mambo ya kina babu," kijana alimwambia. "Hili linafikiri lenyewe."

Anselmo alifika nyumbani nalo, akamweleza mkewe, Chayo, kwamba hatimaye nyumba ile imepata kitu kinachofikiri chenyewe. Kwa sentensi hiyo alikula maharage matupu mpaka Jumapili.

"Na barafu?" Chayo aliuliza.

"Barafu nimeachana nayo. Nimemwambia mwuza barafu asipite tena hapa."

"Umemwambia vizuri?"

"Nimemwambia awapelekee pengwini."

Chayo alifungua sanduku, akatia mkono ndani, akautoa.

"Baridi yake kama ya kaburi la jana. Haijakolea."

"Soma taa, mwanamke. Imeandika nyuzi nne."

"Mimi sisomi nyama, Anselmo. Nyama naigusa."

Lakini taa iliandika nyuzi nne asubuhi, ikaandika nyuzi nne mchana, na jioni, uaminifu wake haukuwa umepungua hata kidogo. Anselmo aliipenda taa ile. Katika maisha yake alikuwa amekutana na watu wachache sana wenye msimamo kama huo.

Mwishoni mwa mwezi ikaja harusi ya Nereida. Huyu Nereida alikuwa muuguzi wa hospitali ileile. Alipokuwa mwanafunzi, mwembamba, akitoka zamu miguu imevimba, alikula kwa Anselmo karibu kila siku, na Anselmo, ambaye yeye alimwita Mjomba Chemo, alikuwa akimwongezea maharage bila kuombwa. Sasa anaolewa. Akaja na wifi zake watarajiwa mpaka kwenye toroli.

"Mjomba Chemo, harusini kwangu sitaki wapishi wa kukodi. Nataka dogo zako. Wageni wote ni wauguzi na madaktari, wanakujua."

Ng'ambo ya barabara, Librada alijifanya anapangusa haradali. Anselmo alijibu kwa sauti ya kutosha watu wa pande zote mbili.

"Mwanangu, umefika kwa mwenye vifaa vya kisasa!"

Siku yenyewe walifika mapema nyumbani kwa kina Nereida, yeye na Chayo, toroli likivutwa na pikapu, sanduku la rangi ya fedha likiwa limeungwa kwenye betri. Uani walikuwa wametandaza maturubai, na chini ya maturubai joto lilikuwa limekaa kwenye viti vya mbele kama jamaa wa karibu. Bendi ilikuwa inajaribu tuba. Mama Amparo, mama wa bibi harusi, alikuwa anapita huku na huko na kipepeo cha kujipepea mkononi akiwaambia watu watulie, na kila aliyemwambia alikuwa ametulia tayari.

Anselmo akawasha moto, akapasha bati la kukaangia, akafunika mikate kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha akafungua sanduku.

Halikutoa mvumo. Alidhani ni utaratibu wake. Akachukua soseji tatu, akaziviringisha bekoni, akazilaza kwenye bati, na wakati huo Chayo akatia mkono wake ndani, kama kawaida yake.

Akauacha humo kwa muda.

"Anselmo."

"Soma taa."

"Nimeisoma. Imeandika nyuzi nne. Sasa njoo uguse, mpenzi wa taa."

Akagusa. Soseji ilikuwa na joto la kwapa la mtoto aliyelala. Akashika ya chini yake, na ya chini kabisa. Ukoo mzima ulikuwa na homa. Kwenye betri ya pikapu waya ulikuwa umechomoka, pengine tangu walipokuwa bado wanafunga milango nyumbani, na ndani ya pikapu lile joto lilikuwa la kuchomea vyungu. Taa ilikuwa na kibetri chake kidogo cha siri, ikaendelea kung'aa kwa furaha.

Alinusa moja.

"Hainuki," alisema.

"Bado."

"Ikiiva vizuri, na bekoni, na pilipili..."

"Sema umalizie."

Hakumalizia, lakini kichwani alimalizia. Alijiambia moto unaua kila kitu. Alijiambia kuna watu wamekula mabaya zaidi na wakafa kwa uzee. Alijiambia kwamba kama ni kuugua, basi hakuna mahali pazuri pa kuugulia kuliko katikati ya wauguzi. Kisha akakumbuka kwamba wauguzi wenyewe ndio wangekuwa wanaugua, wote, kwa zamu moja, pamoja na madaktari wao, na kwamba hospitali ingebaki na mfagiaji.

"Tuko tayari?" Mama Amparo alipita na kipepeo chake.

"Dakika chache tu, Mama!" alisema Anselmo, akitabasamu mpaka masikio yakauma.

Alipogeuka, Chayo hakuwepo. Alikuwa nyuma ya pikapu, simu sikioni, anazungumza kwa sauti ya chini.

Na wakati huohuo akaja bibi harusi. Nereida alikuwa amekusanya gauni lake mkononi kama mtu anayevuka mto, nywele zimeshikwa na maua, uso umelegea kwa njaa.

"Mjomba, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Mama anasema gauni halitafunga. Nipe ya kwanza, upesi, kabla hajaniona."

Kwenye bati zile soseji tatu zilikuwa zimekwisha kuiva. Bekoni ilikuwa imekauka kwa rangi ya dhahabu, mafuta yanachekacheka, harufu inatoka ile ya kumfufua mtu. Anselmo aliitengeneza dogo, mikono ikifanya kazi yenyewe: mkate, soseji, maharage, na akaongeza maharage kidogo kama zamani. Nereida alinyoosha mikono miwili.

Anselmo aliiangalia ile mikono. Akaiachia dogo chini, mavumbini.

"Lahaula!" alisema. "Imeniponyoka."

"Masikini. Basi nipe hiyo nyingine."

Akatengeneza nyingine, polepole, akiomba Mungu amletee tetemeko la ardhi. Tetemeko halikuja. Akaidondosha nayo.

Nereida alizitazama dogo mbili zilizolala chini, akamtazama usoni.

"Mjomba Chemo, mkono wako wa kulia unakufa ganzi? Nyanyua yote miwili juu. Tabasamu. Sema jina lako lote."

"Anselmo Bojórquez Yocupicio. Mwanangu, mimi mzima..."

"Una kizunguzungu?"

"Ana kiburi," alisema Chayo, akitokea nyuma ya pikapu. "Lakini dawa yake iko njiani. Wewe nenda ukakae, binti yangu. Utakula, nakuapia."

Bibi harusi aliondoka akigeukageuka. Anselmo akaichukua ya tatu kwenye bati, akaitupa bila kujisingizia kitu. Kisha akamwuliza mkewe kwa sauti ndogo, "Umempigia nani?"

"Wewe unadhani nani mjini hapa ana barafu?"

Librada alifika akiwa amevaa aproni safi, toroli lake nyuma ya gari la mpwa wa jirani, madeli matatu yamefungwa kwa kamba, maji yakidondoka njia nzima. Alishuka. Alimpita kaka yake kama unavyopitwa mti, akamkumbatia Chayo.

"Wifi, mwulize huyu bwana soseji zake ziko wapi."

"Wifi, safari hii mwulize mwenyewe," Chayo alisema. "Mimi mmenichosha."

Bendi, kwa ubaya wake, ikawa imepumzika.

"Ziko wapi?" Librada aliuliza hatimaye, akitazama magurudumu.

"Humo," Anselmo alisema.

Librada alilizunguka sanduku la fedha, akainama mbele ya taa.

"Nyuzi nne! Maskini, linafikiri lenyewe kweli. Linafikiri liko Kanada." Akafungua, akagusa, uso ukabadilika. Mzaha ukaondoka. "Umempa mtu hata moja?"

"Hata moja."

"Chemo. Niangalie. Hata moja?"

"Bibi harusi alizitaka. Nimezitupa chini mbele ya macho yake. Amenipima kiharusi."

Librada aliziona pale mavumbini, mbili na mikate yake, ya tatu kando. Alikaa akiziangalia kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili.

"Mama angekuchapa," alisema. "Halafu angekupa maji ya kunywa. Haya, zifukie hizo zote, na shimo liende chini, wasije wakazifukua mbwa wa watu. Kisha unawe mikono mpaka kwenye viwiko, uje ukate kitunguu."

"Kitunguu? Librada, mimi ndiye niliyealikwa hapa."

"Basi wape ile taa waile."

Akafukia. Kazi yote ya siku ile, ardhini, amevaa shati la sherehe, huku bendi ikipiga wimbo wa mapenzi. Akanawa. Akakata kitunguu, nyanya, akapasua maparachichi pale tu dada yake alipoita, akamwaga maji ya madeli, akapanga barafu upya. Kila mara alipotaka kutoa soseji nyingi ili foleni iende haraka, alisikia, "Nne tu! Hao wengine hawajafika mbele," na kila mara alirudisha zilizozidi. Jasho lilimtoka mpaka soksi zikalowa. Vidole vyake, vilivyokuwa vinaingia na kutoka barafuni, viliuma kwa baridi, na maumivu hayo aliyafurahia kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Nereida alikula mbili akiwa amesimama, gauni na lifunge likitaka. Madaktari walikula. Mchungaji alikula, akasema anampelekea nyingine mgonjwa mmoja nyumbani, na hiyo ya mgonjwa ikaliwa palepale nyuma ya turubai. Hakuna aliyeugua, ukiacha mjomba wa bwana harusi, ambaye ugonjwa wake ulitoka kwenye chupa na ulijulikana ukoo mzima.

Jua lilipoanza kulegea, Mama Amparo alikuja kushukuru, kipepeo chake kimekunjika. Alimshika Librada mikono yote miwili.

"Mama, umeniondolea aibu. Na huyu msaidizi wako ana mkono mwepesi wa kitunguu. Umemtoa wapi?"

Anselmo alifungua mdomo. Aliwaza maendeleo, akawaza vifaa vya kisasa, akawaza miaka yote ile kwenye lango la hospitali. Akaufunga, akaendelea kupangusa ubao.

"Huyu si msaidizi," Librada alisema. "Ni kaka yangu. Dogo aliwapikia yeye, Mama. Mimi nimeleta barafu tu."

Ulikuwa uongo mkubwa, tena mbele ya mchungaji. Anselmo hakuusahihisha. Aliinama kwenye deli akijifanya anatafuta kitu chini ya barafu, na alikaa ameinama hivyo mpaka Chayo akamvuta aproni, akamwambia barafu inaisha, na kama anataka kulia alilie pembeni, chumvi isiingie kwenye soseji.