Jina la Marehemu kwenye Ruta

Asiyeijua kazi ya fundi wa mtandao hudhani ni kuvuta nyaya tu. Wee! Ni kazi ya umbea. Fundi huyu aliipenda kwa sababu hiyo hiyo: akikaa kwenye kiti chake anajua nani yumo na nani katoka.

Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza kufunga ruta mpya, kile kisanduku kinachogawa mtandao, katika kiwanda cha uchapaji cha familia. Zamani kila mashine iliitwa kwa namba, na namba zikibadilika printa haionekani, watu wanatukanana. Sasa mashine ikiwashwa inapiga hodi kwa ruta, inajitaja jina, inapewa anwani, na jina linaingia kwenye orodha. Ukitaka printa, itaje tu, ruta inajua iko wapi. Neno la siri aliliacha lile la zamani, maana shemeji yake, bosi wa kiwanda, hapendi usumbufu.

Akafungua orodha. Mapokezi, ipo. Bibi-harusi, ile printa mpya inayodekezwa, ipo. Kobe, kompyuta ya stoo, ipo. Chini yao: Kamanda.

Akalisoma tena jina hilo.

Kamanda ilikuwa kompyuta mpakato ya kaka yake, marehemu mume wa shemeji. Ilipotea siku ya mazishi, miezi minne iliyopita. Aliyebebeshwa lawama ni Gundi, aliyejalidi vitabu pale kwa miaka kumi na tisa. Na nani aliyeapa kwamba alimwona Gundi akitoka na mfuko mzito? Si fundi huyu huyu! Gundi akafukuzwa, na tangu hapo kila kiwanda anachoomba kazi anaambiwa nafasi zimejaa. Hakuna anayetaka mwizi.

Fundi akaita Kamanda kutoka kwenye mashine yake. Kamanda akaitika. Kwa hiyo kompyuta imo humu humu.

"Shemeji," akauliza, "ile kompyuta ya kaka hukuiona tena?"

"Muulize Gundi," shemeji akajibu bila kuinua macho.

Mbona amejibu haraka hivyo? Kikulacho ki nguoni mwako, fundi akawaza. Shemeji alipotoka kwenda benki akampekulia droo zote kama kibaka. Akaambulia risiti na dawa za kichwa.

Siku ya pili Kamanda akatokea saa nne, akatoweka saa tano. Siku ya tatu vilevile. Lakini saa hizo shemeji alikuwa kaunta, mikono mitupu, akibishana na wateja mbele ya macho yake. Basi nani? Wafanyakazi wote aliwahesabu, kila mmoja yuko kwenye mashine yake. Aliyebaki ni mtu ambaye hakuwahi kumshuku hata kidogo.

Mama yake aliishi chumba cha nyuma ya kiwanda. Fundi akasimama mlangoni, na humo ndani akamsikia kaka yake akicheka. Akasukuma mlango.

Mama alikuwa kitandani, kompyuta mapajani, video ya marehemu ikicheza. Hakujua kwamba kile kidude kikifunguliwa tu kinakimbilia mtandao kwa lile neno la siri la zamani na kujitangaza.

"Mngeifuta mkampa mtu mwingine," akasema. "Mlishafuta hata namba yake ya simu."

"Mama! Na Gundi je?"

Mama akaifunga taratibu. "Kila siku nilisema kesho nitasema, mwanangu."

Fundi alitaka kumkemea, lakini ile hadithi ya mfuko hakuitunga mama.

Alimkuta Gundi kibarazani kwake, akishona daftari za mtoto wa jirani. Akamweleza yote wima wima, hata kiti hakukaribishwa. Akasema kwamba hakuona mfuko wowote, aliona alichotaka kuona. Akamwomba radhi, akamwomba arudi kazini.

Gundi akakata uzi kwa meno.

"Mama yenu nilimwona siku ile," akasema. "Kaifunga kwenye mtandio, analia. Nikamfungulia mlango apite."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme mama yenu ndiye kaichukua? Wewe ungeniamini?"

Fundi akamwomba tena arudi kazini. Gundi akatunga uzi mwingine kwenye sindano, akaendelea kushona.