Gitaa la Okumu, Sauti ya Muhonja

Muhonja alikuwa akitundika madera kwenye kibanda chake cha nguo mtaani Njiru, Rufaida alipokuja kumwomba aimbe. Msichana huyo alikuwa akitengeneza filamu kwa michango ya marafiki, kuhusu wanamuziki wa mitaa ya Eastlands, wazee kwa vijana.

"Niliacha kuimba nilipoolewa," Muhonja akamwambia. "Siku hizi ni kwaya ya kanisa tu, tena nakaa nyuma."

"Mzee Okumu amekubali, mama. Lakini amesema bila wewe hapigi."

Jina hilo lilimketisha. Okumu ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi yao, enzi za dansi la Jumapili mchana pale Kaloleni, vijana wakija na suruali pana na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa. Mara ya mwisho Muhonja kumwona ilikuwa siku alipoolewa. Okumu alipiga gitaa kutwa, akaondoka bila kuaga.

Walikutana mtaa wa Fedha, sebuleni kwa mwanawe Okumu. Nywele za mzee zilikuwa zimekwisha. Walishikana mikono wasiachiane, na Rufaida alikuwa amekwisha kuwasha kamera. Kwenye kochi alikaa Nyawira, rapa chipukizi wa mtaa wa Lucky Summer, aliyepewa ubeti wa mwisho wa wimbo.

Okumu akaanza wimbo wao wa zamani. Muhonja akaudaka, lakini pale unapopanda, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Akainamisha macho.

"Aimbe huyu mtoto. Yangu imeisha."

Okumu alilegeza nyuzi za gitaa moja moja, sikio karibu na ubao, kisha akaanza upya, chini zaidi. Hivyo ndivyo alivyofanya zamani Muhonja akishikwa na mafua: haulizi, anamfuata alipo. Safari hii wimbo ulipanda naye akapanda nao. Nyawira akaingia na Sheng yake, lugha ya vijana wa mtaani. Mengi Muhonja hakuyaelewa, ila mdundo aliujua, akawa anamwitikia.

"Shosho, umeweza," Nyawira akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwambia bibi yake.

Rufaida akazima kamera, akashukuru. Hakuna aliyeinuka. Okumu alikuwa ameshagusa nyuzi za wimbo mwingine, na Muhonja, macho ameyafumba, alikuwa akiyatafuta maneno ya wimbo huo.