Pasi ya Kurigata

Enzi zile, kabla mashine hazijawekwa kwenye malango ya stesheni, mkagua tiketi aliitazama pasi ya treni ya kila mtu. Fumiyo peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuitazama ya mumewe, mpaka siku ile ya mwaka sabini na nne alipokuwa akipiga brashi koti lake.

Walikaa Hinokida, na Shigeharu alifanya kazi Tokyo. Lakini pasi yake ilianzia Kurigata, mwisho wa reli, vituo vinne nyuma, ambako hakuwa na kazi wala ndugu.

"Kurigata kuna nini?" Fumiyo alimuuliza jirani yake, Bi Okabe, wakianika magodoro.

"Mabafu ya maji moto na wajane. Nani anakwenda, Mama Kiyomi?"

"Hakuna."

"Na huyo Hakuna ndiye anayetoka alfajiri, wenzake bado wanakunywa supu?"

Wiki nzima Fumiyo alimtilia shaka mumewe: ukimya wake mezani, shati safi, hata kikohozi. Alikuwa na wivu wa kumng'oa mtu nywele. Jumatatu akamwachia Bi Okabe mtoto, akajitanda kitambaa, akamfuata.

Kweli, Shigeharu alipanda treni ya Kurigata. Huko akashuka, akavuka upande wa pili, akapanga foleni. Hakuna mwanamke aliyemsogelea. Treni ya Tokyo ilipofungua milango, akawahi kiti cha pembeni.

Kumbe kiti tu. Hinokida hupati hata pa kuweka mguu, unasimama saa nzima. Wajanja walirudi nyuma kutafuta viti bila kulipa. Huyu, kwa unyoofu wake, alikata pasi ndefu. Fumiyo alikaribia kucheka.

Ndipo akamwona anatoa kichupa na kumeza vidonge viwili, mkono mmoja kifuani.

Akaingia, akaketi kando yake. "Baba Kiyomi. Tangu lini?"

Shigeharu alimtazama, amechoka hata kushtuka. "Tangu mwezi wa tatu. Ni moyo. Daktari kanikataza kusimama sana. Kazini wakijua, watanitoa."

"Na mimi je?"

"Wewe ungenizuia kutoka."

Hinokida watu wakamiminika ndani, magoti ya wageni yakawabana. Fumiyo akamshika mkono chini ya gazeti lililokuwa mapajani mwake. Wiki nzima alikuwa akimlaani mwanamke wa Kurigata. Sasa angetoa chochote mwanamke huyo awepo.