Nta Nyeusi ya Mama Ntumba

Lubumbashi nzima, ukitaka kujua nta safi ya nyuki inapatikana wapi, ulimuuliza Mama Agnès wa Makomeno. Ndiye aliyetengeneza mshumaa wa Pasaka wa parokia, na mshumaa ule haukubali nta ya kuchanganywa. Akisema nta fulani ni mbaya, nani wa kubisha?

Ndiyo maana mdomo wake ulileta hasara kubwa vile.

Mwaka jana Mama Ntumba, muuza asali kwenye soko la njia ya Luano, alimwekea nta kutoka mizinga ya mume wake. Ilikuwa nyeusi, inanuka moshi. Agnès alikwisha kuona nyingine dukani, ya manjano, inang'aa, na macho yakamponza.

"Hii si nta!" akapayuka. "Umetia mafuta ya motokari! Unataka kudanganya hata Mungu?"

Maskini Mama Ntumba akajieleza: nyuki hufukuzwa kwa moshi, masega ya zamani huwa meusi. Wapi! Wanunuzi walimtazama Agnès, wakarudisha chupa za asali mezani.

Ile ya dukani ndiyo aliyoinunua; alipoiyeyusha, jikoni kote kukanuka petroli. Parafini tupu, nta ya petroli, na rangi juu. Akanyamaza. Akatengeneza mshumaa hivyo hivyo, padri akaubariki, na kila ulipowashwa, ubatizo au maziko, Agnès alitazama sakafu. Mwaka mzima aliishi na aibu ile peke yake.

Kwaresima hii akajikaza, akarudi sokoni. Alimkuta Mama Ntumba anauza mkaa, mikono imejaa masizi.

"Nta? Ilikwisha, yaya, dada yangu. Asali yangu hakuna muntu alinunua tena. Bwana yangu alichoka, akakata miti ya mizinga, akachoma makala."

Moyo ulimuuma Agnès, ukamuuma kweli. Akainama karibu na sikio la mwenzake.

"Nta yako ilikuwa safi. Ni mimi nilikosea. Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilikwisha kukusamehe." Mama Ntumba alijifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga. "Lakini siku ile ulisema kwa nguvu, soko yote ikasikia. Leo mbona unanongoneza? Sema na leo, yaya. Bwana iko na mizinga mbili bado. Bantu wakisikia kwa kinywa chako, ataanza tena."

Haki tupu. Agnès akasimama wima, akajikohoza. Wamama wa nyanya wakageuka, na wa samaki wa ziwani Kilwa pia. Wawili kati yao walikuwa wa kwaya ya parokia. Watoto wao walibatizwa mbele ya ile parafini. Wangeuliza: basi mshumaa wa kanisa ulikuwa wa nini? Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yote, na alitamani sana kuyasema.

"Makala," akasema kwa sauti, "mfuko ni bei gani?"

Mama Ntumba alijifuta mikono tena, akamtajia bei.