Nusu Kijiko cha Haluli

Mzee Ubwa wa Makunduchi alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Ramadhani ikikaribia lazima aoshe tumbo kwa haluli, ile chumvi chungu ya kuharishia, kama walivyofanya wazee wake. Daktari wa mjini alimwambia figo zake zimechoka, haluli aiache. Aiache? Thubutu!

"Kijiko kimoja tu, Biasha," alimbembeleza bintiye. "Nnataka kufunga na tumbo safi."

Biasha akakataa. Mzee akasusa chakula. Mwisho binti akaona heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Nusu kijiko, baba. Hata chembe haizidi."

Mvua ziliwahi mwaka ule, na haluli iliyonunuliwa Mlandege ilikuwa imerowa chapachapa. Mamake Biasha, Bi Mwanapili, akafanya kama afanyavyo kila masika kwa chumvi ya kupikia: akateleka kikaango, akaikaanga. Vile vijiwe ving'aavyo vikayeyuka katika maji yao wenyewe, vikatokota, vikakauka, ukabaki unga mweupe. Biasha akapima nusu, akafuta ukingo wa kijiko kwa kidole pasizidi kitu. Mzee akanywa, akakunja uso, akacheka. "Bahili wewe!"

Jioni miguu ikamlegea. Wakamkimbiza hospitali mjini, na alfajiri pumzi zikakatika.

Muuguzi alimwita Biasha kando, akamwuliza mzee alikunywa nini, na ilitayarishwaje. Kisha akamweleza taratibu: kijiwe cha haluli, nusu ya uzito wake ni maji yaliyofungika ndani. Ukikikaanga, maji hutoka, ikabaki chumvi tupu. Nusu kijiko cha unga ule ni kama kijiko kizima.

"Na figo zile, dada, hazikuweza kuitoa."

Masikini Biasha! Alimnyima baba kijiko kizima, kumbe ndicho alichompa.

Baada ya hitma, jamaa wameshaondoka, Bi Mwanapili alimkuta jikoni kajiinamia.

"Usijilaumu, mwanangu. Ulimpimia nusu, nlikuona kwa macho yangu. Na haluli yenyewe nliikausha mwenyewe, vizuri. Ingekuwa na unyevu ule, leo ningesema mimi ndiye nliyemdhuru."

Biasha alifungua mdomo amwambie aliyoyasema muuguzi. Akamtazama mamake, mama mwenyewe macho yamemvimba kwa kulia, mkono kauweka begani kwa bintiye.

"Ndiyo, mama," alisema. "Uliikausha vizuri."